Skrini isimame au ilale? Swali la kujibu kabla ya kukata mbao

KABLA ya seremala kukata ubao wa kwanza wa kabati la michezo ya video, kuna swali moja ambalo mwenye kabati hana budi kulijibu: je, skrini itasimama au italala?

Swali hili huonekana dogo. Wengi hulipuuza, wakanunua skrini, wakaagiza vijiti na vitufe, wakamlipa seremala, na mwishowe wakagundua kwamba mchezo walioutamani tangu utotoni unaonekana katikati ya kioo kama picha ya pasipoti, huku sehemu iliyosalia ikiwa giza tupu. Wakati huo mbao zimekwisha kukatwa na pesa zimekwisha kutumika.

Kabati linalozungumziwa hapa ni lile la kuchezewa kwa kusimama, lenye skrini mbele ya uso wa mchezaji na ubao wa vijiti na vitufe chini yake, mfano wa mashine zilizojaa katika kumbi za burudani za Japani, Marekani na Ulaya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akacheza hadi akashindwa, kisha akampisha mwenzake.

Nyingi za kumbi hizo zilifungwa, lakini michezo yenyewe haikufa. Mnamo Februari 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la MAME, programu inayoiwezesha kompyuta ya kawaida kuiga mashine hizo za ukumbini, chipu kwa chipu. Tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakijitengenezea makabati nyumbani, ndani yake wakiweka kompyuta badala ya bodi za zamani.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mashine ya ukumbini kwa kawaida ilikuwa na mchezo mmoja, na skrini yake ilifungwa kama mchezo huo ulivyotaka. Kabati la nyumbani lina michezo mamia, nayo haikubaliani.

Chukua mfano wa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka wa 1978. Maadui wamejipanga juu, nao hushuka hatua kwa hatua. Mchezaji yuko chini, akisogea kushoto na kulia huku akifyatua risasi. Katika mchezo kama huo, umbali kutoka juu hadi chini ndio muda anaopewa mchezaji wa kufikiri. Ukiufupisha umbali huo, umemnyima pumzi. Kwa hiyo Taito waliisimamisha skrini.

Wengine walifuata. Pac-Man wa kampuni ya Namco, aliyetokea mwaka wa 1980, huzunguka katika vichochoro vilivyochorwa kwa nukta 224 kwenda upande na 288 kwenda juu. Katika Donkey Kong wa Nintendo, wa mwaka wa 1981, seremala mdogo hupanda ngazi moja baada ya nyingine kumfikia sokwe aliye kileleni. Mchezo wa kupanda, kwa hakika, hauwezi kulala. Galaga, Frogger na Centipede, yote ya mwaka huo huo wa 1981, nayo ni ya wima.

Jambo la kufurahisha ni kwamba wahandisi hawakutengeneza kioo kipya kwa ajili ya michezo hiyo. Walichukua kioo kile kile cha runinga ya zamani yenye mgongo, ambacho upana wake ulikuwa sehemu nne kwa tatu za kimo, wakakigeuza kikasimama kwa ubavu. Mistari ya mwanga ambayo katika runinga ya sebuleni hupita kutoka kushoto kwenda kulia ikawa inapita kutoka juu kwenda chini au chini kwenda juu, na mchezaji hakujua.

Upande wa pili kuna michezo isiyoweza kusimama. Katika Defender ya kampuni ya Williams, ya mwaka wa 1981, ndege hukimbia juu ya ardhi kwenda kushoto au kulia, na mchezaji anahitaji kuona yaliyo mbele yake. Gradius ya kampuni ya Konami, ya mwaka wa 1985, ni hivyo hivyo. Kisha kuna michezo ya kupigana, ambayo maarufu kupita yote ni Street Fighter II ya kampuni ya Capcom, ya mwaka wa 1991. Watu wawili wanakabiliana, mmoja kushoto na mwingine kulia, na nafasi iliyo kati yao ndiyo mchezo wenyewe. Ukiisimamisha skrini, utawabana kama abiria wawili kwenye kiti kimoja cha matatu.

Kuna kosa la kawaida la kudhani kwamba kila kampuni ilikuwa na mkao wake. La hasha. Nintendo waliisimamisha skrini kwa Donkey Kong, lakini miaka miwili baadaye, kwa Mario Bros. ya mwaka wa 1983, wakailaza. Sababu si vigumu kuiona: Mario Bros. huchezwa na watu wawili kwa wakati mmoja, nao hukimbizana kutoka upande huu wa skrini hadi ule. Tetris nayo huwashangaza wengi. Shimo ambamo vipande huangukia ni refu na jembamba, na mtu angetarajia skrini ya wima. Hata hivyo, mashine ya Tetris ya kampuni ya Atari, ya mwaka wa 1988, ni ya mlalo, maadamu ilikuwa na mashimo mawili, moja la kila mchezaji, yakiwa sambamba.

Vilevile mwaka wa mchezo hautoshi kukuambia mkao wake. Ni kweli kwamba michezo mingi maarufu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ya wima, na kwamba baada ya Street Fighter II kumbi zilijaa skrini za mlalo. Lakini michezo ya ndege zinazopanda juu huku zikinyeshewa risasi iliendelea kusimama kwa miaka mingi: DoDonPachi ya mwaka wa 1997 na Ikaruga ya mwaka wa 2001 ni mifano miwili. Wajapani wana maneno mawili mafupi kwa jambo hili, nayo yameenea miongoni mwa wapenzi wa michezo hii duniani kote: "tate" kwa wima, "yoko" kwa mlalo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayomsaidia msomaji kuliko historia.

Skrini hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Skrini ya inchi 19 ya umbo la zamani, la nne kwa tatu, ina upana wa inchi 15.2 na kimo cha inchi 11.4. Iache ilale, kisha ufungue Pac-Man. Mchezo unataka kimo kuliko upana. Utachukua kimo chote cha inchi 11.4, na upana wake utakuwa inchi 8.5 tu. Ukiipima picha hiyo kwa mshazari utapata inchi 14.25. Umenunua skrini ya inchi 19, unacheza kwenye skrini ya inchi 14. Kwa eneo, asilimia 56 ya kioo ndiyo inayotumika. Iliyobaki ni weusi wa kushoto na kulia.

Ukiisimamisha skrini hiyo hiyo na kufungua Street Fighter II, mambo yanageuka. Picha sasa inachukua upana wote wa inchi 11.4 na kimo cha inchi 8.5, na weusi umehamia juu na chini. Hasara ni ile ile, asilimia kwa asilimia. Hesabu haipendelei upande wowote.

Je, skrini pana za siku hizi, zenye uwiano wa 16 kwa 9, zimeleta nafuu? Kwa mkao, hapana. Skrini ya inchi 24 ya aina hiyo ina takriban inchi 20.9 kwa 11.8. Ikilala, mchezo wa mlalo utaonekana kwa mshazari wa inchi 19.6, nao wa wima kwa inchi 14.7. Ikisimama, tarakimu hizo hubadilishana. Kumbuka vilevile kwamba hata mchezo unaolingana na mkao wa skrini hauijazi, kwani michezo ya zamani haikuchorewa umbo hilo pana. Anayenunua inchi 24 anapata takriban inchi 20 za mchezo. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, na muuzaji hana sababu ya kuwazindua.

Kwa hivyo swali la iwapo wima ni bora kuliko mlalo halina maana lenyewe. Swali lenye maana ni: nani atacheza, na atacheza nini?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kunaswa na mtego huo. Alijenga kabati la wima, jembamba, kwa ajili ya Galaga na Pac-Man, na kwa miezi kadhaa akaridhika. Likizo ya Desemba ikafika, wapwa wakaja, na wote wakataka kupigana wawili wawili. Picha ya Street Fighter II ikawa ndogo kuliko ya kipakatalishi, na mabega ya vijana wawili hayakuenea mbele ya kabati la upana wa inchi 20. Mmoja alicheza akiwa amesimama upande. Siku ya tatu walirudi kwenye simu zao.

Dawa ni kuchukua karatasi na kuandika majina ya michezo 20 ambayo watu wa nyumba hiyo wataicheza kwa kweli. Usiandike michezo ambayo ungependa wageni waone unayo. Andika ile utakayoifungua Jumamosi jioni ukiwa umechoka. Kando ya kila mchezo andika "wima" au "mlalo", na idadi ya wachezaji. Karatasi hiyo ina busara kuliko ushauri wa fundi yeyote. Ukiona 16 kati ya 20 ni ya upande mmoja, umekwisha kuamua. Tatizo hubaki kwa wale ambao karatasi yao imegawanyika nusu kwa nusu, na kwa kweli hao ndio wengi.

Kwao kuna njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kununua skrini kubwa na kuiacha ilale. Runinga bapa ya inchi 32 ina kimo cha takriban inchi 15.7. Mchezo wa wima ukichezwa humo, mshazari wake ni inchi 19.6. Tarakimu hiyo itazamwe vizuri, kwa maana mashine ya Pac-Man ya mwaka wa 1980 ilikuwa na kioo cha inchi 19. Maana yake ni kwamba mchezo wa wima kwenye runinga ya inchi 32 iliyolala huonekana kwa ukubwa ule ule uliokusudiwa na waliouunda. Michezo ya mlalo nayo hupata inchi 26, ambazo ni zaidi ya kutosha kwa mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwenye kioo.

Hasara yake ni upana. Runinga hiyo pamoja na fremu yake hukaribia sentimita 73, na ukiongeza mbao za milimita 18 kila upande kabati linafika sentimita 77 hivi. Makabati mengi ya zamani yalikuwa karibu sentimita 63 tu. Pima milango ya nyumba yako, na usisahau kona ya ngazi ikiwa unaishi kwenye ghorofa. Hata hivyo, ikiwa unataka watu wawili wacheze bega kwa bega, upana huo utauhitaji kwa vyovyote. Weusi wa pembeni nao una dawa: MAME inaweza kuweka michoro ya mapambo kushoto na kulia kwa mchezo, mfano wa ile iliyochapishwa kwenye vioo vya mashine za zamani, na jicho likasahau kwamba kuna nafasi isiyotumika.

Njia ya pili ni kutafuta skrini iliyo karibu na mraba. Zile za kompyuta za ofisini za inchi 17 na 19, zenye nukta 1280 kwa 1024, zina uwiano wa tano kwa nne. Zilitengenezwa kwa wingi katika miaka ya 2000, na leo hupatikana kwa bei nafuu kwa wauzaji wa kompyuta zilizotumika. Ya inchi 19 ikilala, mchezo wa mlalo huijaza karibu yote, nao wa wima hupata mshazari wa inchi 14.8, ambao ni zaidi kidogo ya unaopatikana kwenye skrini pana ya inchi 24. Kwa kabati dogo la kuweka juu ya meza, sijaona inayoishinda kwa thamani ya shilingi. Kampuni ya Marekani ya Arcade1Up, iliyoanza kuuza makabati madogo ya nyumbani mwaka wa 2018, ilitumia skrini za inchi 17, ikizisimamisha katika makabati ya michezo ya wima na kuzilaza katika yale ya mlalo.

Njia ya tatu ndiyo inayowavutia mafundi chipukizi: skrini inayozunguka. Wazo lenyewe si geni. Kabati la Astro City, lililotolewa na kampuni ya Sega mwaka wa 1993, lilikuwa na kioo cha inchi 29 ambacho mhudumu wa ukumbi aliweza kukigeuza kulingana na mchezo uliowekwa. Taito nao walikuwa na kabati la Egret II, lililosanifiwa ili kazi hiyo iwe nyepesi zaidi, na mwaka wa 2022 wakatoa mfano wake mdogo wa mezani, wenye skrini ya inchi tano inayozungushwa kwa mkono.

Lakini mhudumu wa ukumbi aligeuza kioo siku alipobadilisha mchezo, pengine mara chache kwa mwaka. Nyumbani utataka kukigeuza mara tatu kwa jioni moja. Aidha, skrini inapozunguka, pembe zake huchora duara ambalo kipenyo chake ni sawa na mshazari. Skrini ya inchi 24 inahitaji nafasi ya ndani isiyopungua inchi 25, pande zote. Kabati jembamba ulilolitamani limekwisha kutoweka. Mbele nako utahitaji tundu la mraba, na katika kila mkao kutakuwa na mapengo mawili makubwa ya kuzibwa, la sivyo waya na misumari vitaonekana. Weka kizuizi cha kuifanya skrini isimame baada ya robo mzunguko, ama sivyo nyaya zitasokotana hadi zing'oke.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo wengi hawaifikirii. Skrini nyingi za kompyuta zina matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100 kwa 100. Mraba hauna juu wala chini. Fungua skrubu nne, geuza skrini, zifunge tena; ni kazi ya dakika kumi. Ikiwa umeacha mlango nyuma ya kabati, na fremu ya mbele inaweza kuchopolewa, unaweza kuwa na mwezi wa wima na mwezi wa mlalo bila mtambo wowote. Runinga kubwa hazina bahati hiyo kila mara, kwani nyingi zina matundu yaliyopangwa kwa mstatili.

Anayesimamisha skrini bapa anapaswa kujua jambo moja zaidi kuhusu rangi. Skrini za bei ya chini za aina inayoitwa TN hazionekani sawasawa kutoka kila upande. Zikiwa zimelala, kasoro hiyo hutokea mtu anapozitazama kutoka chini: picha huwa nyeusi au rangi hugeuka. Ukizisimamisha, kasoro iliyokuwa ya chini inahamia ubavuni. Wachezaji wawili wakisimama mbele yake, mmoja ataona picha safi na mwenzake ataona giza, na ugomvi utazuka ambao hauhusiani na ustadi wa mtu. Hata mchezaji mmoja anaweza kuhisi macho yake mawili hayapatani. Skrini za aina ya IPS hazina tatizo hilo kwa kiwango cha kusumbua. Ukiwa dukani, igeuze skrini, isimamishe, uitazame kutoka kushoto na kutoka kulia kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Kuna wanaosisitiza kutumia vioo vya zamani vyenye mgongo, na hatuwezi kuwakejeli. Michezo hii ilichorwa kwa ajili ya vioo hivyo na rangi zake huchanganyika humo kwa namna ya pekee. Lakini kukigeuza kioo cha aina hiyo si mchezo wa mtoto. Ni kizito. Usumaku wa dunia huathiri rangi zake kinapobadilishwa mkao, na huenda kikaonyesha madoa ya kijani au zambarau hadi usumaku huo ufutwe. Zaidi ya yote, ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kilichotoka Japani kilitengenezewa volti 100, cha Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 240. Kazi hiyo aachiwe fundi wa runinga anayejua anachogusa.

Mkao wa skrini pia huamua ubao wa kuchezea, jambo ambalo husahaulika hadi siku ya kutoboa matundu. Anayechagua wima mara nyingi anachagua mchezaji mmoja, kijiti kimoja na vitufe viwili au vitatu. Pac-Man hana hata kitufe cha kufyatulia. Kijiti chake kinapaswa kuwa cha njia nne: juu, chini, kushoto na kulia. Ukimpa kijiti cha njia nane, kile kinachotumika katika michezo ya kupigana, mkono ukiteleza kidogo kuelekea pembeni mashine haitaelewa umeamuru nini, na Pac-Man atapita kona uliyotaka aingie. Wengi huilaumu kompyuta kwa kosa hilo. Anayechagua mlalo naye anakaribisha watu wawili, na Street Fighter II inadai vitufe sita kwa kila mmoja. Ubao wa namna hiyo haukai vizuri chini ya upana wa inchi 24. Kuna vijiti vinavyoweza kubadilishwa kutoka njia nane hadi nne kwa kugeuza kibati kilicho chini yake, na kwa mwenye karatasi iliyogawanyika nusu kwa nusu, hivyo ndivyo vya kununua.

Upande wa programu hauna uzito huo. MAME inaujua mkao wa kila mchezo na huuchora ukiwa umesimama sawasawa hata skrini ikiwa imelala. Ikiwa skrini imesimama, utaiambia mara moja tu igeuze picha kulia au kushoto. Linalowasumbua watu ni orodha ya kuchagulia michezo, ambayo ni programu nyingine na inahitaji kugeuzwa kivyake. Hakikisha unayoitumia inaweza. Kuhusu michezo yenyewe, ieleweke kwamba MAME ni halali ila yaliyomo ndani ya chipu za michezo mingi bado ni mali ya kampuni zilizoiunda. Ipo inayouzwa kihalali, kama vile mfululizo wa Arcade Archives wa kampuni ya Hamster, nao pia humruhusu mchezaji kugeuza picha ikae wima.

Ikiwa bado hujaamua, tumia kadibodi. Kwa skrini ya inchi 24 kata kipande kimoja cha inchi 15.7 kwa 11.8, na kingine cha inchi 11.8 kwa 8.8. Hizo ndizo picha mbili utakazoishi nazo, kubwa kwa michezo ya mkao uliouchagua na ndogo kwa iliyobaki. Vibandike ukutani kwa kimo cha macho yako, simama umbali wa sentimita 60, na uite atakayecheza nawe asimame kando yako. Kitazameni kile kidogo kwa dakika chache, ukikiwazia mchezo unaoupenda, kisha ndipo umpigie seremala simu.